Kioo cha Gari Lisilotembea

Siku ya treni, stesheni ya Kigoma haina adabu. Kila mtu anasukuma, kila mtu anaita, na magunia yanapita juu ya vichwa vya watu. Katikati ya vurugu hizo alisimama Mwanaima wa mtaa wa Buzebazeba, gauni la kitenge cha bluu, mtandio wa njano, mikono miwili juu ya sanduku kubwa.

Amuri, kijana wa Ujiji, alikuwa amefuata matairi ya basi lake. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa kupita kiasi kwa mtu aliyekuja kubeba matairi.

"Dada, nikusaidie?"

"Nisaidie, lakini taratibu. Humu kuna gari."

Amuri alilitazama sanduku, kisha akamtazama yeye. "Basi na mimi mfukoni nina meli."

"Sikutanii, kaka. Kuna usukani, kiti na barabara."

"Barabara ya wapi?"

"Hata ya Kasulu nimeitia."

"Ya Kasulu naijua kwa mgongo wangu," alisema Amuri, akainua upande wake wa sanduku. Mwanaima alicheka, na hapo kazi ya matairi ikasahaulika.

Ulikuwa mwaka 2015. Warundi walikuwa wakikimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani, wanaletwa kwa meli mpaka Kigoma mjini, kisha mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu. Amuri aliendesha mojawapo ya mabasi hayo. Wasimamizi wa safari waliona madereva wanachoka, wakamwita Mwanaima, aliyesomea Dar es Salaam mambo ya umakini wa madereva, awapime wote.

Na kifaa chake, alichokitoa sandukuni na kukifunga ukumbini, kilikuwa cha kustaajabisha kweli. Skrini tatu zilimzunguka dereva, usukani ulitetemeka kwenye mashimo, na vumbi la Kidahwe lilipanda mpaka mtu akataka kufunga dirisha ambalo halipo. Kamera ndogo ilifuata macho, na kwenye rekodi nukta nyekundu ilionyesha dereva alitazama wapi. Madereva walikiita gari lisilotembea. Mzee Gervasi, mkubwa wao, alimpigia honi mbuzi wa kwenye skrini, kisha akamtukana mwenye mbuzi.

Ili lifanane na basi, Mwanaima alitundika juu kioo halisi cha ndani, kile cha kuonea abiria. Meza yake aliiweka nyuma ya kiti. Alipoitazama rekodi ya Amuri, aliona nukta nyekundu inaruka kila mara kwenda kwenye kioo. Moyo wake ukaruka nayo. Jioni alimpigia simu.

"Dereva, macho yako hayakai barabarani."

"Yanakaa wapi?"

"Usijifanye hujui. Kwenye kioo. Na kwenye kioo nilikuwepo mimi."

"Sasa mtu akae nyuma yangu na mtandio wa njano, nisitazame?"

"Muongo wewe."

"Haya, mimi muongo. Macho je?"

Mapenzi yalianzia hapo. Walikula samaki, migebuka ya kukaanga, ufukweni Kibirizi, miguu mchangani. Mwanaima alimwita "dereva wangu", naye akamwita "mwalimu", na simu zao ziliishiwa salio katikati ya vicheko.

Lakini Mwanaima alikuwa mtu wa kazi. Alijua amekosea kukaa mahali anapoonekana, akaihamishia meza pembeni na kumwita Amuri arudie. Safari hii kioo kilionyesha viti vitupu vya ukumbi. Nukta ikaruka vilevile. Mtoto wa kwenye skrini alivuka barabara, Amuri akamgonga bila kumwona.

Mwanaima alikuja akasimama mbele yake.

"Kumbe hukuwa ukinitazama mimi."

"Mwanaima..."

"Ulimtazama nani? Nami nikajisifu kama mjinga. Na unajua lazima niseme nilichokiona. Hutabeba wakimbizi."

"Mashine yako imeona macho tu," alisema Amuri, akavaa kofia yake na kutoka.

Alisimamishwa. Simu hakupokea. Mwanaima aliumia mara mbili, kwa kupendwa kwa uongo na kwa kumtoa kazini mtu anayempenda bado. Hata hivyo hakujuta kusema kweli, kwa sababu abiria wa basi lile walikuwa watu, siyo picha.

Hasira ilipopoa aliirudia rekodi. Safari hii aliona jambo: nukta ilienda kona ileile ya kioo, chini kushoto. Siku ya kwanza pia. Uso wake haukuwa kwenye kona hiyo hata kidogo.

Alimkuta Ujiji, nje ya nyumba yao, akiosha basi lisilokwenda popote.

"Sikuja kukupima," alisema. "Nani anakaa kule chini kushoto?"

Amuri aliuacha mkono wake ndani ya ndoo muda mrefu.

"Bibi mmoja Mrundi, Leonia. Alipanda akaniita mwana wanje, mwanangu kwa Kirundi. Aliegemea dirisha, wenzake wakadhani amelala, mimi nikadhani amelala. Tumefika kambini, hakuamka. Mwanaima, nilikuwa nikipiga mluzi njia nzima." Machozi yalimtoka naye hakuyaficha. "Tangu hapo lazima niwaone wanapumua. Ningekwambia, ningesimamishwa. Na ulipofurahi kwamba nakutazama wewe, sikuwa na moyo wa kukanusha."

Mwanaima aliinama akamshika mkono wenye povu. "Ungemgonga mtoto wa kweli, mpenzi."

"Najua. Nimemwona usiku kucha, yule wa skrini."

"Basi wewe huhitaji kuacha kuwaangalia. Unahitaji mwenzio awaangalie."

Alilipeleka jambo hilo kwa wasimamizi, akabishana nao mpaka wakakubali: kila basi liwe na mtu wa huduma ya kwanza, akae akiwaelekea abiria, amwambie dereva kwamba wako salama. Kisha Amuri akaitwa apimwe tena. Mwanaima alirudisha meza nyuma ya kiti, akakaa pale walipo abiria.

"Wako salama, dereva," alimwambia kwa sauti ya chini, kila walipopita kijiji.

Amuri aliendesha kwa namna ya kupendeza kutazama. Mtoto alivuka, basi likasimama taratibu. Wakafika Nyarugusu ya kwenye skrini, akazima injini, na Mzee Gervasi akapiga makofi.

"Nirudi kazini?" aliuliza Amuri bila kugeuka.

"Urudi. Ila nimekasirika. Njia nzima hukunitazama hata mara moja."

"Ulisema wako salama. Nikakuamini." Akakohoa. "Wazee wangu wakija Buzebazeba kubisha hodi, watakaribishwa?"

Mwanaima alikuwa ameinamia meza azime rekodi aliyoisahau, na hapo akaona injini imezimwa, barabara imeisha, na nukta nyekundu imepanda kwenye kioo. Haikwenda kona ya chini kushoto. Ilikuwa juu ya mtandio wa njano, imetulia, haitoki.

"Watakaribishwa," alisema, akaiacha rekodi iendelee.