Sanduku la Karani Kiti Nililichoma Mimi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka sabini na sita. Shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo mnivumilie nikipotea njia. Naishi Shard End, huku Birmingham, kwa binti yangu Mercy ambaye ni nesi. Wajukuu nawaongelesha Kiswahili, wananijibu Kizungu... lakini hayo tuyaache.

Mume wangu Elifazi alikuwa mchekeshaji. Si hawa wa siku hizi wa kwenye simu! Zamani zile sinema ilikuja sokoni kwa gari, kitambaa cheupe kinafungwa kwenye miti, na filamu hazikuwa na sauti. Yeye ndiye aliyekuwa Karani Kiti, karani wa suruali fupi anayetaka kukaa na kiti kinamkataa. Filamu ikiisha anatokea mwenyewe, na kiti chake, pamoja na rafiki yake Wanyonyi aliyeigiza bosi. Watu walicheka hadi machozi! Mimi nilikuwa nauza maharagwe. Nikampenda hapo hapo, na maharagwe yakaungua.

Kisha kifungua mimba wetu akafa kwa surua. Nikaokoka kwa uchungu. Mhubiri mmoja akaniambia vichekesho vya mume wangu ndivyo vilivyoita kifo nyumbani. Nimlaumu mhubiri? Kiberiti nilikishika mimi!

Elifazi alikuwa ameenda kwao. Nikatoa sanduku lake la bati: suruali, kofia, picha, na mikebe miwili ya filamu aliyopewa na Mzungu aliyempiga picha za sinema. Nikachoma vyote nyuma ya choo, mchana peupe. Majirani walipouliza harufu, nikasema ni tairi la baiskeli.

Aliporudi nikamwambia tumeibiwa. Akauliza ni nani mwingine aliyejua sanduku linawekwa wapi. Ni Wanyonyi peke yake... Na mimi nikanyamaza!

Wanyonyi alikuja mara tatu kuapa. Mara ya mwisho alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, wewe unanijua. Mwambie huyu." Nikainamia sufuria kama sijasikia. Hawakusalimiana tena. Wanyonyi alipokufa, Elifazi hakwenda matanga. Jukwaani pia hakurudi. Alilinda geti la shule miaka ishirini, na watoto waliopita pale hawakujua ni nani anayewafungulia.

Mercy akatuleta huku. Baada ya miaka michache, akili ya Elifazi ikaanza kumtoka. Akawa anatafuta sanduku chini ya kitanda, kwa kabati, hata ndani ya mashine ya kufulia! Alipozidiwa tukampeleka nyumba ya wazee, kule Sutton Coldfield. Kila Jumanne napanda treni kumwona. Kuna mlezi pale, mama wa Kongo, mwenye roho nzuri. Akaniambia, "Mama, leta kitu ya zamani yake. Akiona, roho itatulia."

Siku hiyo nilikuwa nimekuja na Mercy, naye akanigeukia. "Mum, hata picha moja ya Daddy hakuna?"

Hakuna hata moja! Niliichoma hata ile ya harusi, kwa sababu alikuwa amevaa kofia ya Karani.

Mercy alipotoka kwenda kazini, nikavuta kiti, nikamshika Elifazi mkono. Nikamweleza yote, kiberiti, uongo, Wanyonyi. Haki ya Mungu, nilitaka anitukane! Lakini alinisikiliza kwa heshima, vile mtu anavyomsikiliza mgeni. Kisha akanipapasa mkono.

"Pole sana, mama," akasema. "Umebeba mzigo. Na mume wako umemwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwambie," akasema. "Atakasirika, lakini ni mtu wako. Atakusamehe."

Nililia mpaka walezi wakaja mbio. Yeye akawaomba waniletee chai.

Sasa niambieni, huo msamaha niuhesabu? Umetoka kwa nani? Wanyonyi naye nitamwombea radhi wapi?

Ndugu zangu, nyinyi mlio na siri mnayomficha mwenzenu, msijidanganye kwamba mnalinda nyumba. Mimi nililinda yangu miaka hamsini, na hiki ndicho nilichobaki nacho. Mwambie leo, akasirike, avunje sahani... mradi bado anajua jina lako.