Antena ya Pili

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akaketi mkabala na baba yake kwenye meza ya ufundi. Baba yake alitengeneza redio, simu na kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Jua la alasiri lilipoingia dirishani, vumbi lilielea juu ya meza likimetameta, na msichana alilitazama hadi akasahau alichoshika mkononi. Ndiyo maana kila mtu alimwita Mawingu.

"Mawingu, shuka," baba yake alikuwa akisema. "Skrubu hazijipangi zenyewe."

Kazi yake ilikuwa kupanga skrubu kwenye trei ya mayai, kila kundi na shimo lake. Tena alikuwa macho ya baba yake, kwa sababu macho ya fundi yalikuwa yamechoka kuona vitu vidogo. Fundi alikwenda hospitali ya wilaya mara tatu kutafuta miwani. Mara ya kwanza aliambiwa daktari wa macho yuko semina. Mara ya pili, yuko semina. Mara ya tatu alikuta mlango una kufuli. "Nao umekwenda semina," alisema, akarudi nyumbani.

Alhamisi moja aliingia mkunga wa zahanati, amekumbatia kompyuta mpakato ya zamani, nzito kama tofali.

"Fundi, wakubwa wametuletea waifai," alisema. "Kisanduku wamekipigilia ukutani pale mapokezi. Wamekata utepe, wamepiga picha, wamekunywa soda, wameondoka. Lakini hii kompyuta yangu ni bibi kizee, haijui waifai ni kitu gani."

"Hawakukuuliza kwanza?"

"Waniulize mimi nani? Mimi si ndiye ninayeitumia tu!"

Fundi akaguna. Mkunga akavuta kigoda, akaacha utani. "Nina mama mmoja ana mimba ya pacha. Presha inapanda, miguu imevimba, hatakiwi kutembea. Nimemlaza chumba cha mwisho. Jumamosi saa nane mchana daktari wa hospitali kuu atakuwa hewani kwa video, nami nataka amwone kwa macho yake. Utaniwahishia?"

Fundi akaigusa ile kompyuta kwa kiganja. Mke wake, mama yake Mawingu, alikuwa amefia katika chumba hichohicho cha mwisho, wakati mtu ametumwa kwa baiskeli kumtafuta daktari. Ilikuwa miaka minne iliyopita.

"Iache," alisema. "Kesho asubuhi uje uichukue."

Alipoigeuza na kufungua mfuniko wa chini, alikuta nafasi ya kadi ya waifai iko tupu. Antena nazo hazikuwepo. Kwenye sanduku la vyuma vikuukuu kulikuwa na kompyuta iliyovunjika kioo, akachomoa humo kadi ndogo kama stempu na nyuzi mbili nyembamba, moja nyeusi, moja nyeupe. Kila uzi uliishia kwenye bati jembamba.

"Kadi inajua kusikiliza," alimweleza binti yake, "lakini imefungiwa chini, kama mtu aliye kisimani. Antena ndiyo inayopanda juu, pembeni mwa kioo, kumsikilizia."

"Kwa nini ziwe mbili, Baba?"

"Zinasaidiana. Ukuta ukiziba huku, ya pili inasikia kule."

Wakafungua fremu ya kioo taratibu isije ikakatika. Mawingu akapitisha nyuzi ndani ya bawaba, akazikunja vizuri zisibanwe wakati wa kufunga, akayabandika mabati yake juu, kushoto na kulia. Ikabaki kuziunganisha na kadi. Kila uzi ulikuwa na kichwa cha duara, kidogo kuliko punje ya mtama. Kichwa hicho hukandamizwa wima juu ya kitufe cha kadi mpaka kiseme tik.

Uzi mweusi ukasema tik.

Akaushika mweupe kwa kibano. Akawaza mawimbi yanayopita hewani wakati huohuo, yakipenya ukuta, yakipita katikati ya vumbi linalometa bila kulitikisa, yamebeba sauti za watu wasiojuana. Akaona kama anayasikia yakivuma. Mkono ukaenda upande. Hakusikia tik. Alihisi kitu laini kikibonyea, na alipotazama, kichwa cha uzi mweupe kilikuwa bapa kama kopo lililokanyagwa.

"Imekaa?" baba yake akauliza.

Mdomo ulijibu kabla ya moyo. "Imekaa."

Fundi huyu hakuwahi kufunga kitu bila kukikagua. Sasa kwa kuwa macho yalimgomea, alikagua kwa kumwuliza binti yake. Akafunga mfuniko, akakaza skrubu, akawasha. Simu iliyokuwa pale mezani ilitoa mtandao, na kompyuta ikaudaka mara moja, mistari yote imejaa.

"Bibi kizee amezibuka masikio!" fundi akacheka.

Mawingu naye akacheka kidogo. Alijiambia kwamba pengine antena moja inatosha.

Ijumaa alipotoka shule alimkuta mkunga mlangoni, jasho likimtiririka.

"Pale mapokezi inashika, fundi. Nikiingia korido, inayumba. Nikifika chumba cha mwisho, kimya, hata harufu ya mtandao hakuna!"

Fundi akasimama kama aliyechomwa sindano. "Kisanduku chao hicho! Nilijua! Wametuletea makapi!"

"Wale?" fundi viatu wa jirani akadakia, sindano mdomoni. "Daraja lao lenyewe watu wanatanguliza ng'ombe kwanza, akivuka salama ndiyo na wao wanapita."

Watu wakacheka. Hakuna aliyemtazama Mawingu. Akahisi joto zuri likimfunika, kama shuka lililoanikwa juani. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe, tena mwenyewe aliyeizoea. Yeye angenyamaza tu, mambo yangepita.

Baba yake alikwishavaa shati la kutokea. Wakaongozana watatu hadi ofisi ya afisa wa afya, wakamkuta akifunga madirisha.

"Mkubwa!" fundi alianza, na sauti yake ikajaa ofisi. "Kisanduku mlichotuletea ni kibovu. Mlikuwa na haraka ya picha, hamkuwa na haraka ya wagonjwa!"

Afisa akalegeza tai. "Fundi, punguza sauti. Kama ni kibovu, tutaandika barua tuombe kingine. Miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu?" mkunga akasema polepole. "Miadi ya yule mama ni kesho."

Akaketi kwenye benchi. Hakulia wala kugomba, alikaa tu, viganja vimelala magotini kama vitu alivyosahau kuvipeleka mahali. Mawingu akamtazama. Akaanza kuiona ile baiskeli ambayo hakuwahi kuiona, ikienda polepole katika barabara ndefu nyeupe, mwendeshaji akikanyaga na kukanyaga bila kufika. Lile joto zuri likamtoka.

"Baba, si kisanduku."

"Nini?"

"Uzi mweupe haukukaa. Niliuponda. Nikasema umekaa."

Fundi alimtazama binti yake, akatazama sakafu, kisha akamgeukia afisa. Shingo yake ilikuwa ngumu. Mtu huyu hakuwahi kumwomba radhi kiongozi yeyote tangu azaliwe.

"Bwana afisa, nimekupigia kelele kwa kosa la karakana yangu. Naomba radhi."

Afisa akaitikia kwa kichwa, akiikaza tena tai yake.

"Ila," fundi akaongeza, "lile gari la wagonjwa mliloliacha bovu juu ya matofali, hilo ni kosa lako. Nitarudi kwa ajili yake."

Walirudi nyumbani, mkunga akiwafuata na kompyuta yake. Mawingu akanawa mikono, akafungua mfuniko, akaonyesha kichwa kilichopondeka.

"Kwa nini ulisema imekaa?" baba yake akauliza.

"Niliogopa. Halafu ulipowalaumu wakubwa, nikaona wao wanalaumiwa kila siku. Kosa moja zaidi lisingewaumiza."

Fundi akaangua kicheko kikavu asichokitarajia. Kikaisha ghafla, akabaki ameshika kidevu.

Wakachakura sanduku la vyuma mpaka wakapata uzi mwingine, wa kijivu. Mawingu akaupitisha kwenye bawaba upya, akaubandika, akashika kibano.

"Umekaa?"

"Bado, Baba."

Akapumua, akaunyoosha wima.

"Sasa?"

"Bado. Umeinama." Akainua, akarudia. Tik. "Sasa umekaa."

Jumamosi saa nane walisimama kwenye korido ya zahanati, nje ya chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa umerudishwa, umebaki ufa wa kupitisha mkono. Korido ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Mawingu alifumba macho, akayawaza mawimbi yakitoka kisandukuni, yakipita ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, yamechoka, yakipapasa gizani mahali pa kutua.

"Daktari, unanisikia?" sauti ya mkunga ilitoka ndani.

Kimya kikawa kirefu mno.

"Nakusikia vizuri kabisa," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka mbali. "Niwekee kompyuta karibu na mama. Nionyeshe miguu. Presha ngapi?" Walisemezana kwa muda. Kisha daktari akasema, "Huyu hasubiri hapo. Natuma gari la huku sasa hivi, limlete kwetu leo."

Fundi akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya zahanati. Alikaa muda mrefu akijifuta macho kwa mkono wa shati, akisingizia vumbi. Mawingu akaketi kando yake.

"Sikiliza, mama," alisema hatimaye. Ndivyo alivyomwita binti yake alipokuwa na neno zito. "Wakubwa wana makosa yao, na sitachoka kuyataja. Lakini kosa letu tukilitia ndani ya makosa yao, nani atalitengeneza? Wangeleta hata visanduku kumi, huyu mama angebaki kitandani hivyohivyo. Ulipolitaja, tumelimaliza kwa jioni moja. Kuharibu uzi si dhambi, hata mimi nimeharibu nyingi. Ukiharibu, sema palepale, wakati bisibisi bado iko mkononi."

"Sawa, Baba."

"Na mimi nina langu. Nilikuwa na jibu kabla sijafungua mfuniko."

Gari jeupe likaja, likaingia uani, likakaa kidogo. Lilipotoka lilipita mbele yao polepole kukwepa mashimo. Kwenye dirisha kulikuwa na uso wa mwanamke aliyelazwa kwa kuegemezwa mito. Aliwaona baba na binti wameketi ngazini, akawapungia mkono, asijue ni akina nani.