Sweta la Jiweni

"Nimesema sikuongeza mimi!"

"Sasa nani? Kuku?" Kristina alikitupa kitunguu mezani. "Juzi kilikuwa kinaingia kwenye kiganja cha Beni. Leo hakiingii. Alizeti hazijapepetwa, wewe umekaa unafuma, halafu unamdanganya mama yako."

Lucy alikiokota. Kilikuwa kitunguu cha uzi, alichomfumia mdogo wake Benson wa miaka mitatu achezee. Tangu baba yao afariki na yeye aache shule akiwa kidato cha pili, kroshia ndiyo kazi pekee iliyomkubali. Alijifunza kwenye simu ya Agnes, jirani yao hapo Misigiri. Unaanza na duara dogo lenye vitanzi sita, mzunguko unaofuata vinakuwa kumi na viwili, kisha kumi na nane. Tumbo likitosha unapunguza, unajaza sufi, unafunga.

Cha kwanza kilipinda kama kiazi. Agnes alicheka mpaka akashika mbavu, akakichukua akampe binti yake mdogo. "Fundi Lucy, hiki hata mbuzi atakikataa." Cha pili ndicho hiki cha Beni, na kilitoka vizuri.

Alihesabu mizunguko kwa ukucha. Alikuwa amefunga kwenye wa kumi na tano. Sasa ilikuwa kumi na saba, na ile miwili ya juu haikuwa ya zambarau kama mingine. Ilikuwa myeusi. Lucy hakuwa na uzi mweusi.

"Mama, njoo uone."

"Nina kazi," alisema Kristina, akabeba ungo akatoka.

Mchana Beni alilala kwenye mkeka ndani, kitunguu kikiwa shavuni. Nje ulivuma ule upepo wa Julai unaopenya mpaka kwenye mifupa. Lucy alikuwa anaosha vyombo uani aliposikia harufu ya jiwe lililolowa mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili. Kisha akasikia sauti ndogo ndani. Aliijua. Ni sauti ya uzi unaovutwa kupita kwenye kitanzi.

Alisogea mlangoni na mikono yenye povu, akachungulia, akamwona mdogo wake amelala mdomo wazi, midomo imepauka, na nyuma ya sikio lake unywele mmoja ukasimama wenyewe, ukanyooka, ukang'oka bila mtoto kushtuka, ukatambaa juu ya mkeka taratibu mpaka kwenye kitunguu, ukaingia, ukazunguka, ukakazwa, na kabla haujamalizika kukazwa unywele mwingine ulikuwa umeshasimama.

Alipiga kelele. Alimnyanyua Beni, na kichwa cha mtoto kilikuwa cha baridi kama mtungi. Nyuma ya sikio palikuwa na kipara cha ukubwa wa kiganja.

Kristina alikuja mbio kutoka uwanja wa kupepetea. Alipokiona kipara hakuuliza tena habari ya alizeti. Alimfunga mtoto mgongoni, Lucy akakizungushia kitunguu kitambaa, wakaenda kwa Bibi Sikudhani, aliyewahi kuwapunga watu wenye majini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hicho kiache hapo mlangoni. Usiingie nacho." Alikuwa hajaambiwa ni nini. Alimpapasa Beni kichwani, akashusha sauti. "Uzi ulinunua?"

"Nilifumua sweta, bibi."

"La nani?"

Lucy alitazama chini. "Lilikuwa limeanikwa juu ya jiwe, kule tunakookota kuni. Nililiona siku tatu, halichukuliwi."

"Kuna nyumba kule?"

"Hakuna."

"Sasa aliyeanika ni nani, mjukuu wangu?"

Kristina aliziba mdomo kwa mkono. "Jini," alinong'ona.

"Amerudi, kakuta jiwe tupu na upepo huu," alisema bibi. "Anajifumia upya. Uzi haumtoshi, anatumia anachokikuta. Nywele za huyu zikiisha, atavuta kingine. Fumua, usikate hata mahali pamoja. Rudisheni uzi wote uliotoka kwenye lile sweta. Upo wote?"

Lucy aliwaza kitunguu, na bonge la uzi lililobaki kwenye kikapu. "Upo wote."

Alifumua palepale kizingitini. Nywele zilitoka kwanza, ndefu kuliko zilivyokuwa kichwani. Sufi ndani ilikuwa imelowa. Walipitia nyumbani kuchukua lile bonge, na jua lilikuwa bado halijazama walipofika jiweni. Bibi aliweka kila kitu juu. "Mwenye nguo, nguo yako hii. Ni mtoto, hakujua." Kisha akawaambia, "Twendeni. Msigeuke."

Upepo ulitulia kabisa. Nyuma yao sauti ilianza, kitanzi kwa kitanzi, haraka, mikono ya mtu aliyezaliwa na kazi hiyo, na waliposhuka haikupungua bali ilizidi kuwa karibu, kana kwamba anayefuma anatembea nao hatua kwa hatua, mpaka Lucy akahisi baridi ya pumzi shingoni. Kisha ikakatika.

"Amemaliza," alisema bibi.

Lucy mwenyewe alikuwa mfumaji. Aliyemaliza kazi huvuta uzi wa mwisho, hukaza, huificha ncha. Hasimami ghafla hivyo. Anayesimama ghafla ni aliyeishiwa na uzi. Lakini Beni alikuwa ameanza kupata joto mgongoni kwa mama, anaomba uji, na Kristina alikuwa analia kwa furaha. Lucy hakutaka kuwaza zaidi.

Asubuhi Beni alikunywa vikombe viwili. Kristina alimtania, "Kipara, ongeza basi." Wote watatu walicheka.

Hodi ikapigwa. Lucy alifungua. Alikuwa Agnes, amembeba binti yake, kichwa cha mtoto kimefunikwa kanga, na ubavuni kwa mtoto kulikuwa na kitu cha zambarau.

"Lucy, jana jioni uliingia kwangu? Maana mtoto kaamka hana hata unywele mmoja, na kile kitunguu chako kilichopinda, mdogo wangu, kimenyooka."