Jina la Mama Apollinarie

Kila asubuhi kabla ya masomo, Ornella aliteka maji ya nyumbani. Mama yake alimtuma kwenye bomba la mtaa, lakini foleni ya pale ilikuwa ndefu, na Ornella hakuwa na subira hata chembe. Aliteremka hadi Mto Mulongwe, akajaza bido lake, dumu la plastiki, akawahi kuruka kamba na Keza, binti wa jirani yao Mama Apollinarie, mjane aliyeuza chakula. Mama, akidhani ni maji ya bomba, hakuyachemsha.

Basi baba yake, Jean-Berchmans, mwuza mchele, akaanza kuumwa. Homa haikumwacha, na chini ya mbavu za kulia hakuvumilia hata kuguswa. Mtu aliyezoea kubeba gunia peke yake sasa alishindwa kushika kikombe.

Kaka mkubwa wa Jean-Berchmans, Déogratias, alikuja kumtazama, akatikisa kichwa.

"Hii si malaria. Wamemupa karuho," alisema. Karuho ni sumu ya kisirisiri ambayo watu wa huko huiogopa kuliko nyoka. "Alikula wapi?"

"Kwa Mama Apollinarie," mama alijibu polepole. "Bugali na visamaki vya ndagala. Lakini tumupeleke hospitali, shemeji."

"Hapana! Muntu wa karuho hapigwi sindano. Ukimupiga, anakufa palepale."

Maneno hayana miguu, lakini hutembea. Wateja wa Mama Apollinarie walikimbia, na mawe yakarushwa juu ya bati lake. Mjane huyo alikuja mlangoni akilia.

"Mama Ornella, minye nimuue bwana yako sababu gani?"

Ornella alisimama pale pale. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuwa maji ya mto huleta maradhi ya tumbo, na yeye alijua alichokuwa akimnywesha baba yake. Aliogopa fimbo, akanyamaza. Kesho yake Mama Apollinarie alifunga godoro lake kwenye baiskeli, akahamia mbali, Nyakabere, pamoja na Keza.

Hali ya Jean-Berchmans ikazidi kuwa mbaya. Alianza kuweweseka, akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Hapo Ornella hakuweza kunyamaza tena.

"Papa mukubwa, si karuho!" alilia. "Maji nateka mutoni, siku zote. Nilidanganya!"

Mama alimtazama binti yake, kisha akamgeukia shemeji yake. "Sasa tunaenda hospitali," alisema.

Hospitalini, Daktari Célestine alimpima mgonjwa tumbo kwa ekografi, mashine inayoonyesha ndani ya mwili. "Ini lina jipu," alisema. "Kuna vijidudu vinavyoitwa amiba. Huingia kwa maji au chakula kichafu, na vingine hufika kwenye ini. Jipu hili ni kubwa, linakaribia kupasuka. Dawa peke yake haitoshi, lazima tutoe usaha."

Alimchoma sindano ya ganzi, akapitisha mpira mwembamba kati ya mbavu. Usaha wa rangi ya kahawia ukatiririka ndani ya mfuko. Déogratias alifumba macho, akingoja ndugu yake akate roho. Jean-Berchmans alishusha pumzi, akaomba uji.

Mpira ulipotolewa na nguvu zikamrudia, aliwachukua Déogratias na Ornella hadi Nyakabere. Walimkuta Mama Apollinarie akipalilia shamba la watu. Ornella alipiga magoti. "Nilijua, nikanyamaza," alisema.

"Na minye ndiye nilitembeza jina lako mutaani," Déogratias aliongeza, macho chini.

Mama Apollinarie alijifuta udongo mikononi. "Nimewasamehe. Lakini sirudi. Kule mutaani Mulongwe, kila muntu akiumwa tumbo, watatazama mulango wangu."

Ornella alimwita Keza, aliyekuwa ng'ambo ya mfereji. Keza aliendelea kulima.

Njiani Ornella alilia kwa uchungu. Baba yake alimshika mkono.

"Usaha wangu daktari aliutoa wote, mwanangu. Jina la muntu likichafuka, hakuna daktari wa kulisafisha. Ukijua ukweli wa kumwokoa mwenzako, useme siku hiyohiyo, hata kama fimbo inakungoja."

Ornella aliendelea kulia mpaka walipofika barabara kuu.