Aliyesimama Mbele ya Runinga

Rimoti iligoma adhuhuri moja, na mke wa dereva hakushtuka hata kidogo, maana rimoti ni vitu vya kugoma. Aliipiga pajani, akazisugua betri, akaziuma kama alivyofundishwa na mama yake, mwisho akanunua mpya. Wapi! Kutoka kwenye kochi, runinga haikusikia. Akiisogelea karibu kuibusu, iliitika mara moja.

Dereva mwenyewe alikuwa mtu wa kochi tangu kiharusi kimuue upande wa kushoto. Mkono wa kulia ndio uliobaki: ndio uliomlisha, ndio uliobadilisha chaneli, ndio uliomshika mkewe maneno yalipomshinda. Mkewe alikuwa radhi kupoteza chochote nyumbani mle, ila si mkono huo.

Fundi alikuja mchana na maneno mengi kuliko vifaa. "Mama, runinga umeivalisha kitambaa kama bibi harusi, jicho lake litaona wapi?" Akakiondoa. Haikusaidia kitu. Akatoa simu. "Kamera huona mwanga wa rimoti, sisi hatuuoni. Mzee, bonyeza."

Dereva akabonyeza. Kwenye simu, taa ya rimoti ikawaka zambarau.

"Rimoti nzima hii," fundi alisema, akaisogeza simu taratibu kuufuata mwanga, na hapo utani ukamkauka mdomoni. Mwanga haukuwa unafika. Ulikuwa unatua hewani, hatua moja mbele ya runinga, juu ya ngozi.

"Bonyeza tena, mzee," alinong'ona.

Zilikuwa mbavu, ndefu mno kuwa za mtu, zikipanda na kushuka kama za aliyetoka kukimbia, na kadiri dereva alivyobonyeza ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyojaa sebuleni, ingawa jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi na madirisha yote yalikuwa wazi.

"Fundi, kuna nini?" mke aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuna mtu amesimama pale. Msimsemeshe. Nawaomba, msimwambie kitu."

Lakini watoto wote wa nyumba ile, kabla hawajaenda kwao, walikuwa wakiziba runinga na kusikia kauli ileile kutoka kochini. Dereva, ambaye ulimi wake ulibakiwa na maneno machache aliyoyazoea, aliitoa kabla hajafikiri.

"Wewe si kioo! Njoo ukae hapa."

Akapapasa nafasi ya kushoto kwake.

Zulia likabonyea, likabonyea tena karibu zaidi, kisha mto wa kochi ukadidimia polepole mpaka mbao zikalia, na runinga, ambayo sasa haikuzibwa na chochote, ikabadilisha chaneli. Fundi alitoka mbio bila begi lake. "Tafuta mtu wa dua, mama," alipaza sauti kutoka nje. "Hii si kazi ya bisibisi!"

Mke akampigia simu mtu wa dua huku akilia. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu. "Aliingia mwenyewe, au alikaribishwa?"

"Alikaribishwa."

"Aliyekaribishwa simwezi, mama. Pole sana." Akakata.

Aliporudi kochini, vidole vya kushoto vya mumewe vilikuwa vinacheza. Mkono ule uliokuwa gogo uliinuka, ukachukua rimoti, ukaongeza sauti. Mke alipiga kelele ya furaha, ndiyo, ya furaha, Mungu amsamehe, kwa pumzi moja tu. Kisha mkono wa kulia ukamdaka gauni.

"Mama watoto," dereva alisema kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka jicho moja. "Usiniache naye."

"Siendi popote, baba watoto. Nimekushika."

Mkono wa kushoto ukaiweka rimoti chini bila haraka, ukavuka mapaja, ukaanza kuvibandua vidole vya kulia kwenye gauni, kimoja kimoja.