Riwaya Yangu Katika Kinywa cha Mwende

Niliisikia sentensi yangu kupitia ukuta kabla ya kumwona aliyeisoma. Nilikuwa kitandani, homa imenishika, kifua kimebana... nikatabasamu. Laiti ningejua!

Nina miaka ishirini na sita, Mkenya, mwanafunzi hapa Sydney. Mji ulipofungwa kwa korona nilikuwa nikiishi Kensington na Mwende, rafiki niliyempenda kama dada. Nilikuwa naandika riwaya juu ya maisha ya Mmarekani mmoja wa mwanzoni mwa karne iliyopita, mwanamke aliyetunga vitabu vilivyosomwa na maelfu, kisha dunia ikamsahau. Jinsi nilivyompenda mama yule!

Kila Jumapili, baada ya maombi ya mtandaoni, niliwasomea akina mama wa ushirika wetu sura moja ya riwaya hiyo, bila kujitaja kama mwandishi. Wengi ni manesi wa hospitali ya Westmead, nyuso zimechubuka kwa barakoa. "Soma, mpenzi, utusahaulishe wodi," walikuwa wakiniambia.

Nilipougua, sauti ilikauka. Mwende akajitolea kuwasomea kwa niaba yangu. Jamani, sauti ile! Mara ya kwanza alinitaja kama mwandishi. Baadaye akasahau... Homa iliisha, kikohozi kikabaki, naye akaendelea.

Siku moja nikajiunga nao, nikamkuta Mama Njoki, mlezi wa ushirika, akisema, "Mwende mwanangu, huyu Mmarekani ulimtoa wapi? Umetutoa machozi hadi basi!"

Mwende akacheka. "Ni Mungu tu, Mama."

Mungu tu! Na mimi je?

Nikaeleza, huku nikikohoa, kwamba riwaya ni yangu. Mama Njoki akanijibu kwa upole, "Usimwonee mwenzako wivu, Wambui. Omba upate chako." Wenzake wakaitikia amina. Upole ule ndio ulionimaliza.

Nilimsihi Mwende aseme ukweli. Akaendelea kukunja nguo zake. Mama Njoki alikuwa amempa chumba kwake Penrith.

"Uliandika wewe, sawa," akasema. "Lakini ukisoma wewe, nani alilia? Watu walikuwa wanasinzia!"

Kweli walikuwa wakisinzia.

"Nipe basi sura ya mwisho," akaongeza. "Wananingoja."

Nikatikisa kichwa.

"Haya. Nitaitunga mwenyewe."

Wasomaji wenzangu, nimechoka hata kulia. Nawasihi, kazi yako isome mwenyewe, hata kwa sauti mbovu. Wakisinzia, wasinzie wakijua ni wewe.

Mwende alivaa barakoa, akaniuliza kama nimekunywa dawa, akavuta sanduku lake hadi nje. Mlango ukafungwa nyuma yake.