Kiti cha Mbele Kushoto

Siku shemeji yangu Thobias alipoleta gari nyumbani, dada Apolonia alikuwa anaanika mpunga na mimi nilikuwa namsaidia kufukuza kuku. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Kigari chekundu, kidogo, kilichooshwa mpaka kinang'aa, kiliingia uani polepole na Thobias akashuka huku anacheka peke yake. Yeye ni mtu mrefu, na kwenye kile kigari alionekana kama kavaa shati la mtoto. Siku nyingine ningemtania mpaka anune. Siku hiyo nilijizuia, kwa sababu nilijua amekinunua kwa ajili ya nani.

Kilikuwa cha Lusia, binti yao wa pekee. Lusia alikuwa na selimundu, na maumivu yakimshika hayapigi hodi. Kutoka kijijini kwetu mpaka hospitali ya Kolandoto kuna makorongo na daraja, na masika yaliyopita bodaboda iliyombeba ilikwama kwenye tope nusura tumpoteze pale pale, mgongoni kwa mama yake. Thobias aliapa haitatokea tena. Akauza mchele wote aliokuwa anaupeleka Katoro, akarudi na gari. Alimpenda yule mtoto, jamani. Hata jina lake alikuwa halitamki. Alimwita "mama", kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na Thobias alimwita hivyo zaidi kwa sababu mtoto alirithi jina la marehemu mama yake Thobias.

Hilo neno nawaomba mlikumbuke.

Tatizo la kwanza lilikuwa mlio. Mbele ya dereva kuna kitaa chekundu chenye picha ya mtu mdogo aliyekaa. Mtu akikaa kiti cha mbele kushoto bila kufunga mkanda, kitaa kinawaka na gari linaanza kulia. Sasa hili la kwetu lililia kiti kikiwa kitupu. Thobias alipapasa chini ya kiti, akatoa zulia, akapuliza vumbi, wapi. Akampigia Sostenes, mwenye yadi ya magari aliyemuuzia. Huyu Sostenes kabla ya kuuza alikuwa anamwita "bosi wangu". Baada ya kuuza, kupokea simu tu ilikuwa kama anakupa msaada. Akasema ni sensa, ugonjwa wa kawaida wa vigari hivi.

"Funga mkanda kwenye kiti kitupu," akamwambia. "Itanyamaza."

Thobias akafunga, na kweli ikanyamaza. Mimi ni mtu wa kuangalia vitu, na niliangalia ule mkanda. Haukulala kwenye kiti. Ulikuwa umeinuka kidogo, kama unavyoinuka ukipita juu ya tumbo la mtu. Nikajiambia sponji ya kiti imevimba.

Tatizo la pili ndilo lililotutesa. Barabarani gari lilikwenda vizuri, lakini likifika kwenye mto lilizimika. Daraja, korongo, hata mfereji wenye maji kidogo. Kiangazi makorongo yalikauka yakabaki mchanga, na bado gari lilifika ukingoni, likakohoa, likafa. Baadaye linawaka lenyewe kama limebadili mawazo. Fundi alibadilisha plagi, akabadilisha chujio na pampu ya mafuta, mwisho akasema yeye amefika mwisho wa akili yake. Sostenes akasema tunaweka mafuta machafu. Tulipobadilisha kituo cha mafuta akasema, "Kagari ni kageni, katawazoea." Halafu akaacha kupokea simu za Thobias. Nikampigia kwa simu yangu. Aliposikia sauti yangu alisema yuko kikaoni, na nyuma yake nikasikia karata zinapigwa mezani. Nilimtukana vizuri.

Wakati huo huo Lusia alishikwa na maumivu, tukazimikiwa korongoni, na Apolonia akambeba mgongoni mpaka barabara kuu. Safari hiyo tuliwahi. Lakini dada yangu alirudi akiwa hasemi na mtu, na nilijua anawaza nini. Kuna siku hatutawahi.

Thobias akaamua kwenda Katoro kulirudisha. Nikamfuata, kwa sababu yeye ni mpole kupita kiasi na wapole hawarudishiwi kitu. Tulizimika kwenye kila mto, tukafika mchana. Sostenes hata hakuinuka kwenye kiti chake. Alisema gari likishatoka getini limetoka. Niliongea mpaka povu likanitoka. Kumbe kuna jambo nililiona bila kulielewa: muda wote ule alikuwa anazunguka kukaa mbali na upande wa kushoto wa gari.

Nje ya geti kulikuwa na mama anauza chai, watu wanamwita Mama Mageni. Tulikaa kwenye benchi lake tumenyong'onyea. Akatupa chai, akaliangalia gari, kisha akainama kama anafuta meza.

"Mkanda bado mmeufunga?" akauliza kwa kunong'ona.

Hatukuwa tumemwambia habari ya mkanda.

Ndipo akatueleza. Kigari kile kilikuwa cha kijana mmoja mchimbaji. Mama yake alifariki akiwa kwake machimboni, na kijana hakutaka shughuli ya jeneza na gari la msiba. Basi akamkalisha mama yake kiti cha mbele, akamfunga kitenge kichwani, akamfunga mkanda, wakaondoka mchana kweupe. Kila aliyewasimamisha njiani aliambiwa mama amelala. Ndugu walikuwa nyuma, kimya. Na hapo ndipo walipoharibu. Kwetu maiti hasafirishwi kimya. Kwenye kila mto, mkubwa wa familia humwambia, tunavuka sasa. Mkifika kwake humwambia, tumefika, shuka. Wao wangesemaje na marehemu, na huku wanajifanya yuko hai?

"Walizika mwili," Mama Mageni akasema. "Yeye mwenyewe hakuambiwa ashuke."

Thobias aliuliza kwao ni wapi, ampeleke. Hakuna aliyejua. Kijana aliuza gari akahamia machimbo mengine, na ukishaingia huko kutafutana ni kazi. Mama Mageni akasema basi tuwe tunamwambia kwenye mito, kwa heshima, kama mtu mzima. Lakini lile neno la kufika tusilitamke mpaka tufike kwake.

Thobias ni mwimba kwaya, mambo hayo huwa hayataki. Lakini tukiwa njiani kurudi, daraja la kwanza lilipotokea na gari likaanza kukohoa, nilimwona anavua kofia.

"Mama," akasema, "tunavuka mto."

Gari lilivuka. Halikutetemeka hata kidogo. Hakuna aliyecheka kati yetu.

Baada ya hapo tulikaa kwa amani. Thobias aliendelea kumtafuta yule kijana, kila namba aliyopewa ilikuwa haipatikani. Gari lilivuka kila mahali, mradi aseme. Akasema kwa sauti, bila aibu, hata mbele ya abiria. Watu wa kijijini walidhani anaongea na Lusia.

Jumamosi moja Apolonia alikwenda gulioni. Saa sita mchana Lusia alianza kulia mguu, kisha mgongo, kisha akawa halii tena, anahema tu. Nilimbeba nikaingia naye kiti cha nyuma, nikampakata. Alikuwa mwepesi. Mwili wote ulikuwa wa moto. Thobias akaondoa gari.

Korongo la kwanza likafika.

"Mama, tunavuka."

Lusia hakufumbua macho. "Ndiyo, baba," akajibu.

Nikamwambia shemeji amwite yule wa mbele kwa jina lingine. Aseme bibi. Aseme mama wa watu. Ama hakunisikia, ama aliogopa kubadilisha neno lililokuwa linatuvusha.

Korongo la pili.

"Mama, tunavuka."

"Haya," Lusia akasema. Hakusema baba.

Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. Mkanda wa kiti cha mbele ulikuwa unapanda na kushuka. Polepole. Kama mtu anayevuta pumzi.

Daraja.

"Mama, tunavuka."

"Vukeni," likatoka jibu, na sauti haikuwa ya mtoto wa miaka sita. Lakini ilitoka kifuani kwake. Niliisikia ikitetema kwenye mikono yangu.

Halafu tukaona geti la hospitali. Thobias alikuwa analia kwa furaha. Kwa mara ya kwanza gari lake lilikuwa limemfikisha mwanawe bila kusimama. Aligeuka nyuma, akamtazama Lusia, mwanawe, akasema lile ambalo baba yeyote angesema.

"Mama, tumefika. Shuka."

Kwenye kiti cha mbele kitu kikalia, ta. Mkanda ulijifungua. Ukajikunja taratibu, kama unavyorudi mtu akiuachia kwa mkono.

Na Lusia akawa mzito mapajani mwangu. Mzito wa mtu mzima. Miguu yangu ilikufa ganzi. Kisha akainuka. Yule aliyekuwa hawezi kunyoosha mguu alifungua mlango mwenyewe, akashuka kwa kujishikilia, akaweka mkono kiunoni, akaenda getini ameinama kidogo. Hakugeuka nyuma.

Gari likaanza kulia. Kitaa chekundu kilikuwa kimewaka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu na kinadai kufungiwa mkanda. Thobias, macho yakiwa kwa mwanawe, akanyoosha mkono kwa mazoea. Akauvuta mkanda. Akaufunga.

Ikanyamaza.

Hospitalini walimpima, wakamlaza kwa uangalizi, hawakuona kitu. Apolonia alifika jioni akikimbia, vumbi la gulio mpaka kwenye nyusi. Lusia alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Mtoto huyu alikuwa na adabu, hata akiwa na homa alikuwa anaanza yeye kuamkia. Safari hii alikaa kimya akamtazama mama yake. Alikuwa anasubiri. Dada yangu, sijui vipi na yeye mwenyewe hajui, akajikuta amepiga goti.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

Maumivu hayajamrudia tena. Watu wanakuja kutupongeza, padre ametoa shukrani kanisani. Apolonia anapokea pongezi, anakaribisha uji. Usiku analala chumba changu.

Sostenes alipiga simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu tumfahamu. Sijui nani alimwambia. Alisema kwa upole kwamba anaweza kulichukua lile gari na kutupa jingine zuri zaidi, bila kuongeza kitu. Thobias alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haliuzwi," akamjibu. "Lina mtu ndani."

Sasa limefunikwa turubai nyuma ya jiko. Betri aliitoa fundi siku lilipofunikwa, ndiyo inayotuwashia redio sebuleni. Kila jioni dada yangu anainua turubai, anakaa kwenye usukani, anafungua mkanda wa kiti cha kushoto ili usimbane. Akishafungua, kitaa kinawaka. Kile kimtu chekundu, kimekaa. Hapo anambembeleza. "Lusia, tumefika. Shuka, mwanangu." Kitaa hakizimi. Nadhani mtoto hajui kwamba anaitwa yeye. Hakuzoea jina hilo kwenye safari.

Juzi nilikuwa nimesimama karibu na ndoo ya maji. Nikamwona dada yangu anafuta machozi, anajikaza, anajaribu neno la mumewe.

"Mama," akasema. "Tumefika. Shuka."

Ndani ya gari hapakutoka jibu. Jibu lilitoka jikoni, kwenye kigoda karibu na mafiga, ambako mtoto wa miaka sita alikuwa anachambua maharage.

"Mimi nilishashuka, mwanangu."

Kitaa kiliendelea kuwaka.